Kwa nini chupa ya kioo hurudi dukani na ya plastiki huishia mtaroni

MNUNUZI wa soda ya chupa ya kioo katika duka la mtaani humu nchini analijua sharti: ainywe papo hapo na kuiacha chupa, au aje na chupa tupu ya kubadilishana, au aweke pesa za amana, 'dipositi' kama tulivyozoea kuziita, atakazorudishiwa siku atakapoileta chupa.

Sharti hilo halina askari wa kulisimamia wala kampeni ya redioni ya kulihubiri, na bado chupa hurudi. Mtoto aliyetumwa dukani huishika kwa mikono miwili kwa kuwa anajua akiivunja njiani atajibu maswali nyumbani. Mwenye duka huipanga kwenye kreti, lori la msambazaji huichukua, na kiwandani huoshwa, hukaguliwa na kujazwa upya. Chupa moja yaweza kufanya safari hiyo mara 20 au zaidi. Hata ikija kupasuka, vigae vyake huweza kuyeyushwa vikawa chupa nyingine.

Chupa ya plastiki haina safari ya namna hiyo. Anayeinunua huwa amenunua vyote viwili, kinywaji na chombo chake. Akishamaliza maji, mkononi husalia na kitu kisichokuwa na thamani yoyote kwake, kisichokuwa na mtu anayekisubiri, na kilicho chepesi kutupwa kupitia dirisha la matatu. Mvua ya masika ikinyesha, chupa hiyo huungana na nyingine mtaroni, mtaro ukaziba, na maji yakajitafutia njia kupitia vyumba vya watu.

Tofauti ya chupa hizi mbili haitokani na tabia ya mnywaji. Mtu ni yule yule, na mara nyingine duka ni lile lile. Chupa moja ina mwenyewe anayeidai, nyingine haina. Hapo ndipo penye kiini cha mambo ambayo wataalamu wa siku hizi huyaita uchumi wa mzunguko, na ambayo serikali ya Kenya imeyaandikia sera, sheria na kanuni tangu mwanzoni mwa mwongo huu.

Maana yake

Uchumi tuliorithi kutoka enzi za mapinduzi ya viwanda huenda kwa mstari mmoja. Malighafi huchimbwa, bidhaa hutengenezwa, hutumiwa, kisha hutupwa. Uchumi wa mzunguko hukusudia kuupinda mstari huo hadi ncha zake zikutane, ili kilichotoka shambani, mgodini au kwenye kisima cha mafuta kiendelee kutumika kwa muda mrefu, na masalio yake yawe malighafi ya kazi nyingine.

Humu nchini dhana hii imefasiriwa kwa ufinyu. Ikitajwa, wengi huwaza vijana waliovaa fulana za wafadhili wakiokota plastiki ufuoni mbele ya kamera. Ukweli ni kwamba kuyeyusha taka na kuunda bidhaa upya ni hatua ya mwisho, ifuatwayo pale ambapo zile za awali zimeshindikana. Kabla yake kuna kuunda kitu cha kudumu, kukirekebisha kinapoharibika, kumpa mwingine akitumie, na kukifungua ili vipuri vyake vifae kwingine. Kila hatua tunayoshuka, kuna kitu tunachopoteza. Chupa ya kioo iliyooshwa ingali chupa. Ile iliyoyeyushwa imekula moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi ili kurudi kuwa kile ilichokuwa.

Plastiki nayo haina uvumilivu wa kioo. Kwa kawaida hupungua ubora kila inapoyeyushwa, na ndiyo sababu chupa ya maji aghalabu huishia kuwa nyuzi za zulia au ujazo wa mto wa kulalia. Zulia lenyewe likichakaa halina pa kwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la Science Advances ulikadiria kuwa, kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka wa 2015, ni asilimia 9 pekee zilizokuwa zimetengenezwa upya. Asilimia 79 zilikuwa majaani au zimezagaa katika mazingira.

Jina la uchumi huu lilivuma ulimwenguni kutokana na juhudi za Ellen MacArthur, baharia Mwingereza ambaye mwaka wa 2005 alivunja rekodi ya kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, akitumia siku 71. Aliye katikati ya bahari hana duka la jirani. Alichonacho ni kile alichopakia, na kikiisha kimekwisha. Mnamo 2010 alianzisha wakfu wenye jina lake, ukawa mhubiri mkuu wa dhana hii mbele ya serikali na kampuni kubwa.

Ila mafundi wa Kamukunji hawakumngoja. Kwa miaka mingi sauti ya nyundo katika eneo hilo la Nairobi imekuwa sauti ya mapipa ya mafuta yakigeuka masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko na sehemu za wilbaro. Jiko lenye kauri ndani yake, ambalo lilienea nchini kuanzia miaka ya 1980 na kupunguza kwa kiasi kikubwa makaa yanayotumiwa jikoni, vazi lake la nje hufuliwa kwa mabati ya aina hiyo. Gurudumu la gari lilizaa akala. Alumini kuukuu ilizaa sufuria, na hapa fundi wa jua kali alikuwa mbele ya mhandisi bila kujua: kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwa mawe ya boksiti.

Hata hivyo, tusiusifu mno mzunguko huo wa kale. Ulizaliwa na uhaba. Kitu kilirekebishwa kwa kuwa kipya hakikununulika, na ndiyo maana mzunguko hulegea mara tu bidhaa mpya ya bei rahisi inapofika sokoni. Mwenye kandambili ya shilingi mia moja hampelekei mshonaji viatu. Huitupa.

Anayesubiri bila kuuliza

Tukisema kuwa kitu hurudi pale tu ambapo kuna anayekisubiri, ni sharti tuulize pia ni nani huyo anayesubiri, na kama anajali kilikotoka anachopokea.

Biashara ya vyuma kuukuu ni mfano mzuri. Viwanda vya chuma nchini huvihitaji vyuma hivyo, kwa hiyo bei ipo, na penye bei wakusanyaji hawakosekani. Lakini mnunuzi asiyeuliza maswali humfundisha muuzaji kutotofautisha kati ya kilichokufa na kilicho hai. Vifuniko vya mitaro vimeng'olewa, kingo za barabara zimekatwa, alama za barabarani zimetoweka. Mnamo Januari 11, 2022 nchi nzima ilikosa umeme baada ya minara ya nyaya za umeme kuanguka, na serikali ikaelekeza lawama kwa wahujumu. Siku chache baadaye, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara yote ya vyuma kuukuu. Marufuku hayo yaliondolewa miezi michache baadaye kwa masharti makali zaidi ya leseni, licha ya kuwa Sheria ya Vyuma Kuukuu ilikuwapo tangu mwaka wa 2015.

Kisa cha Owino Uhuru kilikuwa kizito zaidi. Katika kijiji hicho cha kaunti ya Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014. Kwa vipimo vya vitabuni, huo ulikuwa uchumi wa mzunguko uliokamilika. Betri ya gari ni miongoni mwa bidhaa zinazorejeshwa kwa wingi zaidi duniani, kwa sababu risasi iliyomo ndani yake ina soko la uhakika. Betri zilikuja, risasi ikatolewa, ikauzwa.

Moshi na maji machafu vilibaki kijijini. Risasi ni sumu isiyokuwa na kiwango salama mwilini, na huwadhuru zaidi watoto, ambao huathirika ubongo kabla ya mtu yeyote kuona dalili. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa amedhurika. Aliacha kazi, akaanzisha vuguvugu la wakazi, na mnamo 2015 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman.

Kesi ilichukua muda mrefu. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Mzigo haukuwaangukia wenye kiwanda pekee, kwani mashirika ya serikali yaliyopaswa kukisimamia yalibebeshwa sehemu kubwa ya lawama. Kwa hesabu ya kalenda, ilipita zaidi ya miaka kumi tangu kiwanda kifungwe kabla hukumu ya mwisho haijasomwa, hata mtoto aliyezaliwa mwaka huo angekuwa katika shule ya msingi.

Ni vyema kisa hiki kikumbukwe kila anapotokea mwekezaji wa 'kijani' anayeahidi kugeuza taka kuwa mali. Kuirejesha taka katika matumizi hakuifanyi kazi yenyewe kuwa safi. Kama bei ya bidhaa iliyotengenezwa upya ni nafuu kwa sababu mtu fulani analipa tofauti kwa damu yake, basi hesabu haijafungwa. Imehamishwa tu kutoka daftari moja hadi jingine.

Daftari hilo jingine, jijini Nairobi, ni Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka wa 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Malori hayajaacha kwenda huko. Uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) na kutolewa mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao wakapatikana na kiwango cha risasi kwenye damu kilichopita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Juu ya vilima vya jaa hilo ndiko kunakofanyika sehemu kubwa ya urejeshaji taka wa jiji. Waokotaji huchambua kwa mikono: chupa huku, karatasi kule, chuma, mifupa, nywele bandia. Humuuzia dalali, dalali humuuzia mwenye ghala, mwenye ghala hupeleka kiwandani. Mwokotaji halipwi kwa kulisafisha jiji. Hulipwa kwa uzito wa alichookota, na bei ya kilo ikishuka katika soko la dunia, humfikia yeye kwanza.

Maganda ya viazi

Mazungumzo kuhusu taka hutekwa na plastiki kwa sababu plastiki huonekana. Lakini pipa la kawaida la mjini Kenya likimwagwa na kupimwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mabaki ya chakula na mimea: maganda ya viazi na ndizi, majani ya sukumawiki, matembe ya maembe, ugali uliochacha. Kosa kubwa zaidi katika usimamizi wa taka zetu ni kuyachanganya mabaki hayo na vitu vingine. Karatasi ikilowa mchuzi haina mnunuzi. Chupa iliyopakaa uozo humshusha bei mwokotaji. Na uozo wenyewe, ukifukiwa pasipo hewa chini ya marundo, hutoa gesi ya methani ambayo huchangia ongezeko la joto duniani kwa nguvu inayoizidi ile ya kaboni mara nyingi, na ambayo hushika moto jaani na kuwafukizia wakazi moshi.

Zamani mabaki haya yalikuwa na anayeyasubiri, naye alikuwa mbuzi, nguruwe au ng'ombe aliye nyuma ya nyumba. Mjini mbuzi hayupo, au yupo na anajilisha mwenyewe barabarani.

Sasa amepatikana mwingine. Mabuu ya nzi mweusi, mdudu asiyeuma wala kuambukiza maradhi, hula mabaki ya chakula kwa pupa na kunenepa katika muda wa takriban majuma mawili. Yakikaushwa, huwa chakula cha kuku, samaki na nguruwe chenye protini nyingi, na kinachosalia chini yao hutumika kama mbolea. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoko Kasarani, kimeutafiti ufugaji huu na kuwafunza wakulima. Sanergy, iliyoanza kazi katika mitaa ya Mukuru mwaka wa 2011 kwa kujenga vyoo visivyotumia bomba la majitaka, iliutumia kusindika kinyesi na mabaki ya masokoni. Mfugaji wa kuku anayelalamikia bei ya chakula cha mifugo, ambacho hutegemea soya na omena, ana sababu ya kuvutiwa na habari hii, hata kama mabuu hayamvutii. Isitoshe, omena inayoepushwa na kinu cha chakula cha kuku ni omena inayoweza kufika mezani.

Viwanda vya sukari navyo viliufahamu mzunguko huu mapema. Makapi ya miwa huchomwa kupasha maji moto na kuzalisha umeme, na molasi hugeuzwa kuwa kileo au chakula cha ng'ombe. Mumias ilizindua mtambo wa umeme wa zaidi ya megawati 30 mwaka wa 2009 na kuuza sehemu yake kwa gridi ya taifa. Kufikia 2019 kampuni hiyo ilikuwa mikononi mwa mrasimu. Mtambo haukuwa na hatia. Miwa ilikosekana, madeni yakalimbikizana, na pasipo miwa hakuna makapi.

Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa ilani ya siku 90 ikitaka taka zinazooza zitengwe na kutiwa katika mifuko inayooza yenyewe. Agizo lilikuwa sahihi. Ugumu uko kwingine. Mwenye nyumba atatenga maganda yake kwa bidii juma zima, kisha siku ya Jumamosi lori moja lije, lichanganye kila kitu mbele ya macho yake. Atafanya hivyo mara ngapi kabla hajachoka? Pasipo lori la pili, au angalau ubao wa kuligawa lile moja, pipa la pili jikoni ni pambo.

Kuzuia na kudai

Kuna vitu ambavyo havifai kurejeshwa, bali kuzuiwa visiundwe. Mfuko mwembamba wa plastiki ulikuwa mmojawapo. Kenya ilijaribu kuudhibiti mwaka wa 2007 na tena 2011 kwa kuweka viwango vya unene, isifaulu. Tangazo la Februari 2017 la aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Judi Wakhungu, lilikuwa la aina nyingine. Kuanzia Agosti 28, 2017, kuunda, kuagiza au kutumia mifuko hiyo kibiashara na majumbani kuliweza kumletea mtu faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha hadi miaka minne. Kabla ya hapo, UNEP ilikadiria kuwa maduka makubwa pekee yalikuwa yakigawa mifuko takriban milioni 100 kwa mwaka.

Mifuko ingali inapenyezwa kutoka mipakani na huonekana sokoni ikiwa imefichwa chini ya meza. Hata hivyo, anayeikumbuka miti ya miiba ya Athi River ilivyokuwa imevikwa mifuko kama maua hawezi kudai kuwa hakuna kilichobadilika.

Chupa za plastiki hazikupigwa marufuku. Mnamo 2018 wenye viwanda waliafikiana na serikali kuwa wangejisimamia, na kampuni ya PETCO ikaundwa kufadhili ukusanyaji wa chupa hizo. Lilikuwa jambo la hiari, na hiari huwaacha nje wasiotaka.

Mwaka huo huo kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, dau la urefu wa mita tisa lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvalishwa vipande vya kandambili 30,000 zilizookotwa ufuoni. Mapema mwaka wa 2019 liliabiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Tani 10 si kitu mbele ya kinachoingia baharini, na hakuna anayetarajia wavuvi waache mbao. Lakini mafundi wa Lamu wanaojua kuupinda ubao wa msaji walilazimika kujifunza jinsi plastiki inavyokataa kupindwa, na hayo ni maarifa.

Hatua ya kisheria ilikuja Julai 2022, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilipotiwa saini. Inaagiza taka zitengwe zinakozalishwa, inazipa kaunti jukumu la kujenga vituo vya kuchambua na kurejesha taka, na, kubwa kuliko yote, inamtwika mzalishaji au mwagizaji wajibu kwa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Kanuni za kuutekeleza wajibu huo zilitolewa mwaka wa 2024. Kwa lugha ya dukani, sheria inamwambia mwenye chupa ya plastiki awe kama mwenye chupa ya kioo: aisubiri.

Wenye viwanda hunung'unika kuwa gharama itamwangukia mnunuzi. Ni kweli, kwa kiasi fulani. Lakini mnunuzi tayari anailipa, kwa kodi ya kuzibua mitaro, kwa godoro lililolowa mafuriko, kwa dawa ya kifua ya mtoto wa Dandora. Tofauti ni kwamba malipo hayo ya sasa hayaandikwi kwenye risiti, na mara nyingi anayelipa si yule aliyekunywa soda.

Wajibu huu ukitekelezwa vizuri hufika hadi kwenye meza ya mbunifu. Mafundi wa simu wa Luthuli Avenue wanaweza kueleza vyema zaidi ya profesa yeyote jinsi simu za zamani zilivyofunguliwa kwa ukucha na betri kubadilishwa kwa dakika moja, ilhali za leo zimegandishwa kwa gundi. Ufaransa ilianza mwaka wa 2021 kuwalazimu wauzaji kuonyesha alama, kati ya 10, ya urahisi wa kurekebisha simu, kompyuta na mashine za kufulia. Umoja wa Ulaya nao umeagiza kuwa kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Simu hizo hizo, zikishatumika huko, baadhi yake hufika kwetu. Fundi wa Nairobi atafaidi sheria ambayo hakushirikishwa kuitunga, sawa na jinsi Gikomba inavyopokea mitumba ambayo haikuichagua, ikiwemo ile iliyochakaa kiasi cha kuishia kingoni mwa Mto Nairobi.

Kwa chupa, mfano wa kuigwa ni Ujerumani. Tangu mwaka wa 2003 nchi hiyo huweka amana kwenye chupa za kutumiwa mara moja, senti 25 za yuro kwa kila moja kwa sasa, na zaidi ya asilimia 95 hurudi. Dukani kuna mashine inayozimeza na kutoa stakabadhi ya pesa. Mtu asiyetaka usumbufu huiacha chupa kando ya pipa la barabarani, na asiyejiweza huichukua akajipatia riziki. Yaani desturi ya duka letu la mtaani, iliyodhaniwa kuwa ni ya kioo tu, hufanya kazi kwa plastiki pia.

Tatizo la ulimwengu mzima halijapata dawa ya pamoja. Ni hapa Nairobi, katika makao ya UNEP yaliyoko Gigiri, ambapo mnamo Machi 2, 2022 mataifa yaliafikiana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Duru ya mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024 haikuzaa mkataba, na ile ya Geneva ya Agosti 2025 ikamalizika vivyo hivyo. Nchi zinazozalisha mafuta, ambayo ndiyo malighafi ya plastiki, zilikataa kuwekewa kikomo cha uzalishaji na kutaka mazungumzo yaishie kwenye taka.

Linalosalia nyumbani ni namna kanuni za 2024 zitakavyotekelezwa, na hasa nani atakayekabidhiwa kazi. Kampuni kubwa yenye malori mapya yaweza kupewa kandarasi ya kukusanya chupa zote kutoka majumbani na hotelini kabla hazijafika Dandora. Jiji litapendeza, takwimu zitapanda, na maelfu ya waokotaji waliofanya kazi hiyo bila mshahara watakuta kwenye jaa maganda peke yake. Njia nyingine ni kuwasajili, kuwapa glavu na bima, kununua kutoka kwa vyama vyao, na kuwalipa kwa huduma mbali na bei ya kilo.

Hesabu yake si ngumu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita huwa na uzito wa takriban gramu 20 au chini ya hapo, kwa hiyo mwokotaji huhitaji chupa zisizopungua 50 kufikisha kilo moja, na kilo hiyo huuzwa kwa shilingi chache. Amana ikiwekwa, hata iwe Sh2 tu kwa chupa, gunia lile lile lenye chupa 50 litakuwa na Sh100 ndani yake kabla hata plastiki yenyewe haijawekwa kwenye mizani.